Tulikwenda Kumtafuta Sange

Wapendwa wa kwaya, na hasa wewe Mama Tshala uliyepaza sauti mbele ya mlango wa kanisa ukaniuliza kama ni kweli nilikwenda Kasenga kula panya: haya, kaeni. Nitasema yote mara moja, maana nimechoka kusikia safari yangu ikisimuliwa na watu ambao hawakuwemo garini. Mambo ya kuomba ruhusa na kugonga mihuri nayaruka.

Tulikuwa watatu. Odette Kabedi mnamjua wengi wenu. Nilimfundisha biolojia shule ya sekondari, kwenye lycée, akiwa na miguu myembamba na maswali mengi kupita umri wake, na leo ni assistant chuo kikuu. Anawachunguza wanyama wadogo wa pori letu kavu: panya wa kila aina, popo, komba, na wengine ambao sisi wa mjini tukiwaona tunatafuta fagio. Dereva alikuwa Papa Ilunga, ambaye babu yake alitoka kaskazini kuja kutandika reli, na yeye mwenyewe anaendesha gari kana kwamba liko kwenye reli: halipindi, halikimbii, na linasimama kila mahali. Wa tatu ni mimi. Odette aliniomba, "Madame, kuya na mimi, miko na boga." Nikaenda.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Kati ya Kasenga na Kilwa yetu ya ziwani, mbali kidogo na barabara, kuna kijiji chenye muhulu nyuma yake. Muhulu ni kichaka kinene ambacho hakipukutishi majani hata kiangazi kikikolea. Zamani ilikuwa mingi, lakini makala na moto vimeimaliza. Ndani ya muhulu ule Odette aliamini bado anaishi sange, mnyama wa kimo cha panya mkubwa, mwenye miguu mirefu ya nyuma na pua inayopinda huku na huku kama mkonga. Wakubwa wake chuoni walimwambia anaota. Na kule kijijini, vijana walikuwa wamemwambia chef, mkuu wa kijiji, kwamba ndani hamna kitu ila nyoka, kwa hiyo mwaka huu, siku ya moto wa kuwinda, wauchome pamoja na pori lote.

Odette alimbembeleza chef kwa simu mpaka akapata jibu hili: "Munionyeshe ile nyama, niione na macho yangu, mbele moto haijawashwa siku ya Posho. Nikiiona, benye moto batauzunguka muhulu. Nikikosa kuiona, utaungua." Posho ni Jumamosi. Sisi tulitoka Lubumbashi Jumatatu, tukaona muda unatosha kabisa.

Lubumbashi mpaka kwenye kizuizi

Hatukufika hata mbali. Kwenye barrière ya kwanza nje ya mji, askari mmoja mwenye tumbo la heshima alifungua sanduku letu la nyuma, akatoa ndoo.

"Maman, hii ni nini?"

"Karanga za kusaga."

"Na hii bintu ya bati?"

"Mitego ya panya."

Akaiweka ndoo chini taratibu, akawaita wenzake wote. "Mukuye muone! Hawa banatoka Lubumbashi na karanga, banaenda kulisha panya ya Kasenga!" Wakaja, hata yule aliyekuwa amelala chini ya turubai. Mmoja akauliza kama panya wa Lubumbashi wamekwisha. Nikamjibu kwamba wa Lubumbashi nawajua wote kwa majina, wanalala kwangu. Wakacheka mpaka wakasahau kutusumbua, lakini wakakataa kutuachia kabla ya kuonyeshwa mtego unavyofanya kazi. Odette akauonyesha kwa uvumilivu wa ajabu. Yule wa tumbo akatia kidole, mlango ukamfunga pap! Wenzake wakaanguka kwa kicheko, naye mwenyewe akasema, "Iko nguvu, hii itakamata panya kweli," akatupungia mkono kwa kile kidole chekundu.

Njia ya Kasenga

Nataka niseme neno juu ya pori letu, kwa sababu nyinyi mnalijua kwa magunia ya makala tu. Kabla ya mvua, wakati ambapo kila kitu kimekauka hadi midomo inapasuka, miti hii inatoa majani mapya, nayo yanatoka mekundu. Mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine ya waridi, hakuna hata tone la maji lililoanguka. Niliishi miaka yote hii, nikafundisha majani ubaoni kwa chaki nyeupe, sikuwahi kuliona jambo hilo likienea mpaka mwisho wa macho. Vichuguu vimesimama katikati yake, virefu kuliko nyumba yangu. Nilimwambia Papa Ilunga asimame nitazame. Alisimama kwa furaha, kama kawaida yake, na gari likakataa kuwaka tena.

Tulikaa hapo Jumatatu yote iliyobaki na sehemu kubwa ya Jumanne. Odette alikuwa akitembea huku na huku akitazama angani kama mtu anayesubiri ndege. Mimi hasira zangu mnazijua. Nilimwambia Papa Ilunga maneno kuhusu gari lake, na kuhusu babu yake, na reli yote. Alilala chini ya gari, akapiga mluzi. Watu waliokuwa wakipita kwa kinga, wamebeba magunia ya makala mawili mawili hadi baiskeli yenyewe haionekani, walisimama mmoja mmoja kututazama. Mama mmoja aliyekuwa nyuma ya kinga ya mumewe alishuka, akafungua kidumu, akatumiminia munkoyo wa baridi. Jamani, munkoyo ule! Nilikunywa macho yamefumba. Nilipomuuliza kwa nini anatupa kinywaji chake cha safari, alishangaa swali lenyewe. "Juu mulikuwa na kiu," akasema, akapanda kinga yake, wakaenda.

Kasenga

Gari lilikubali kuwaka mwishowe, Kasenga tukaingia Jumanne jioni, na simu yangu ikanikaribisha Zambia. Ndiyo, Zambia iko hapo ng'ambo ya Luapula, unaona hata nguo zao zilizoanikwa. Mto ni mpana na mtulivu, mitumbwi inapishana, na samaki ni wabichi kiasi kwamba nilipoletewa wangu na bukari, ugali wetu, na pilipili, nilikula bila kusema, jambo ambalo Papa Ilunga alilitaja mara nyingi baadaye.

Asubuhi Odette alitaka kupita sokoni kabla hatujaondoka. Kulikuwa na wamama wanaouza panya wa moshi, wamechomekwa kwenye vijiti vizuri kwa mstari. Odette akatoa kioo chake cha kukuza, akainama, akaanza kufunua midomo ya panya mmoja mmoja atazame meno. Mama wa samaki aliyekuwa karibu akafunika beseni lake kwa kitenge. Mwingine akaketi juu ya lake. Walidhani ametumwa na watu wa afya kuja kuharibu vitu vyao! Ikabidi nipande juu ya kreti, mimi na unene wangu, nitangaze kwamba binti huyu hatafuti ugonjwa, anapenda panya tu. Hapo wakamhurumia. Waliuliza kama ameolewa.

"Madame," aliniambia tukirudi garini, uso unang'aa, "mufupa ya kichwa na meno njo kitambulisho yabo. Hata ukamupika, hata ukamuchoma, kichwa inasema ye ni nani." Nilimwambia aingie garini, Jumatano inakwenda.

Ikaenda kweli. Mbele kidogo, daraja la magogo lilikuwa limevunjika chini ya lori la samaki, na lori lenyewe limekaa hapo katikati, limeinama. Foleni pande zote mbili. Watu walishashusha masufuria, wengine wanasuka nywele. Nilidhani ndiyo mwisho. Lakini Papa Ilunga akavua shati, akaenda mbele, akaanza kuamuru kwa mluzi: huyu gogo hili, wale kamba ile. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi. Abiria, wavuvi, mapadri wawili waliokuwa kwenye pikipiki, wote walibeba. Alhamisi asubuhi lori lilitoka, na sisi tukavuka nyuma yake polepole, mimi nikiwa nimefumba macho na rozari mkononi. Nilimwomba Papa Ilunga radhi kwa ajili ya babu yake.

Kijijini

Chef alikuwa mtu wa makamo, mwenye koti la suti na kandambili, mpole wa sauti. Alirudia sharti lake mbele ya watu: amwone mnyama kwa macho. Pembeni yake alikuwapo Kabwe, mkuu wa moto, kijana mwenye mabega mapana. Nilikuja nimejiandaa kumchukia. "Maman," akaniambia, "hatuko babaya. Watoto yetu banakulaka panya ya moto. Mwaka huu mihindi ilikauka. Muhulu unakula nafasi ya bure." Alikuwa na watoto, nami najua mihindi iliyokauka ni nini.

Tulipangiwa kwa Mama Chola, dada yake chef, mjane mwenye kicheko kinachosikika mpaka kisimani. Alitupa nyumba yake nzima, yeye akalala jikoni. Akatupikia sombe ya majani ya muhogo, na bukari nyeupe laini, na mchicha wa lengalenga, na jioni akatukatia kikanda, ule mkate wa mizizi ya pori na karanga. Lakini kulikuwa na kitu kilichomkera, akashindwa kukificha. Ijumaa alituona tunarudi na mitego iliyojaa, Odette anawapima wanyama, anawaandika, kisha anawafungulia mmoja mmoja waende zao.

"Munakamata nyama, munaachilia," akasema, mikono kiunoni. "Na mi niko napikia bageni majani kila siku. Bantu batasema nini? Batasema Chola anabanyima."

"Mama, majani yako matamu," nikamwambia.

"Majani ni majani."

Ndani ya muhulu

Unatoka kwenye nyasi kavu zinazokukwaruza, jua limekukalia kichwani, unainama kidogo, na umeingia kwenye baridi. Mwanga wa kijani. Majani makavu chini, na juu ya majani hayo, ndugu zangu, vijinjia! Vyembamba, vimefagiwa safi, vinapita chini ya matawi kwenda huku na kule. Odette alipiga magoti. "Anafagia ye mwenyewe," akanong'ona. "Kila siku, na miguu, ili akikimbia asijikwae." Na mimi nikapiga magoti, sketi yangu na yote.

Ijumaa tulipata panya wenye milia mgongoni, panya wenye miiba laini, na kiumbe kidogo kuliko kidole gumba changu, chenye hasira kubwa kuliko zangu. Kila mmoja Odette alimpokea kana kwamba ni mgeni aliyemwalika. Sikujua pori tunaloliita kavu limebeba watu wengi hivyo. Lakini sange hakuwemo, na wale wanaoonekana hata nje ya muhulu wasingemshawishi chef. Odette hakula jioni ile.

Jumamosi alfajiri tulitandaza nyavu nyembamba kukatiza vile vijinjia, tukakaa chini, tukangoja. Jua lilipoanza tu, wavu mmoja ukatikisika.

Alikuwa yeye. Jicho kubwa lenye mzingo mweupe, manyoya ya rangi ya chungu, na ile pua! Haikutulia hata kidogo, ilikuwa inauliza maswali pande zote. Odette alimshika kwa vidole viwili, machozi yanamtoka wala hayafuti. Nilimwona tena yule mtoto wa dawati la mbele, nikajisikia fahari kama mimi ndiye niliyemzaa.

Tukamweka kwenye mfuko wa kitambaa, anapumua vizuri. Nyavu na mitego ilibaki yote, lazima itolewe kabla ya moto, na chef alisema atakuja kwa Mama Chola jua likipanda. Ndani ya gari kulikuwa na joto la tanuru. Nikampa Papa Ilunga mfuko, nikamwambia, "Peleka, tundika pahali pa baridi, kisha rudi utusaidie." Pahali pa baridi kuliko pote ni chini ya upenu wa jiko la Mama Chola. Akatundika hapo, akarudi.

Sahani

Tulirudi tumebeba, tumechoka, tunaimba. Harufu ilitulaki njiani: kitunguu, nyanya, karanga.

Mkeka ulikuwa umetandikwa. Chef amekaa, Kabwe amekaa, beseni la kunawia lipo. Mama Chola alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka na anacheza, peke yake, akizunguka na sahani iliyofunikwa. "Leo njo leo! Bageni bangu bamenipa nyama!"

Nikatazama upenuni. Mfuko wetu ulikuwepo. Umefuliwa, umeanikwa.

"Umepika nini?" Nilipiga kelele, siwafichi. "Mama Chola, umepika nini? Tumetoka Lubumbashi! Tumelala njiani! Huyo ndiye ambaye chef alitaka kumuona, huyo huyo mmoja!"

Kitenge kikaacha kucheza. Uso wa mwanamke yule ulianguka, na nikatamani kuyala maneno yangu. Chef ndiye aliyesema, polepole: kwao, kinachotundikwa kwenye upenu wa jiko la mwanamke, amepewa. Hakuna anayeuliza. Mgeni akitundika hapo, ni shukrani kubwa, na mwanamke asipopika siku hiyo hiyo, amemtukana mgeni. Papa Ilunga alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Odette aliketi, akafunua sahani, akatazama. Kisha akauliza, sauti imetulia kabisa, "Mama, kichwa ulikata?"

"Juu ya nini nikate?" Mama Chola alikuwa analia. "Kichwa njo ya chef. Iko nzima."

Ilikuwa nzima. Chef akapewa. Akaishika karibu na macho, ile pua ndefu imekakamaa kwenye mchuzi wa karanga, akaitazama muda mrefu. Akampa Kabwe naye atazame. "Hii ni panya?"

Kabwe akageuza, akageuza. "Hapana. Hii siijui."

"Mi naijua," akasema chef. "Nkambo, babu yangu, alinipaka nyama yake nikule, nikiwa kadogo. Nilizani bote balikwisha." Akairudisha kwenye sahani. "Nilisema nitaiona na macho. Sikusema iko nzima ao imepikwa. Nimeiona."

Odette aliinamisha uso kwenye mikono yake. Alipouinua alikuwa tayari mwalimu. Akatuomba tule, tule kwa heshima, lakini pasiwe na mfupa wa kuvunjwa. Basi fikirini: chef wa kijiji amekaa na koti lake anamung'unya kichwa cha sange, na Odette ameinama mbele yake, "Polepole, papa, pale ku shavu iko laini... aksanti... usiingize jino." Kila mtu aliweka vijifupa vyake kwenye jani la ndizi. Mimi nilipewa paja. Nililia na nililitafuna, na lilikuwa tamu.

Moto

Kabwe hakuwa amemaliza. Moto haurudishwi nyuma, akasema, upepo wa leo ndio wenyewe, na kuuzunguka muhulu kunahitaji njia iliyolimwa mpaka udongo uonekane. "Nani atalima sasa? Wanaume bako kwa nyavu."

Mama Chola alisimama. Akaingia jikoni na kitenge chake cha Pasaka, akatoka na jembe. "Mi njo nilimupika," akasema, akatembea kuelekea muhulu bila kuangalia nyuma.

Hakumwita mtu. Lakini mama wa nyumba ya jirani akachukua jembe lake, na mwingine, na mwingine, na nilipogeuka nyumba zote zilikuwa hazina wanawake. Tulilima kwa kupokezana nyimbo. Odette alilima, Papa Ilunga alilima huku anapiga mluzi, nami nililima na viatu vyangu vya mjini mpaka mikono ikatoa malengelenge. Jua lilipoanza kushuka Kabwe alikuja kukagua. Alitembea mzunguko mzima. Sehemu moja akaona nyembamba, akaomba jembe, akaipanua mwenyewe.

Ndipo akawasha. Sijawahi kusikia sauti ile, pori lote linapasuka. Moto ulikuja juu kuliko vichwa vyetu, ukafika kwenye udongo wetu mwekundu, ukasimama, ukapita pembeni. Wawindaji wakapata panya wao huko nje, wengi, watoto wakala.

Jumapili asubuhi, kabla ya kuondoka, tulikwenda kutazama. Nchi yote nyeusi, inatoa moshi, na katikati muhulu wa kijani. Odette alikuwa na kile kichwa kidogo cheupe ndani ya kikopo chenye pamba, na karatasi imefungwa kwa uzi. Mahali pa aliyemkamata ameandika jina lake mwenyewe, na pa aliyetayarisha mfupa, ambaye kwa kawaida ni fundi wa chuo, ameandika Mama Chola. Alimsomea. Mama Chola akaomba asomewe tena.

Ndipo tukasikia, ndani ya majani makavu: tutututu. Kimya. Tutututu. Odette akanishika mkono kwa nguvu. "Ni miguu yake, Madame. Anapigaka chini akisikia bantu. Anaambia benzake." Na kweli, upande wa pili mwingine akajibu.

Mama Chola aliinama kuelekea kichakani, akashusha ile sauti yake kubwa mpaka ikawa ndogo kabisa. "Mutusamehe," akasema. "Tulikula ndugu yenu."

"Alikuwa mutamu," nikaongeza mimi, na huo ndio ukweli, Mama Tshala.